Naomba Kuchangia: Maneno Yetu ya Kuwaza Pamoja



Ukisikia mtaani kwamba fulani ana mawazo mengi siku hizi, humpongezi. Unauliza amefiwa na nani, anadaiwa wapi, nyumbani kuna amani? Neno ambalo kitivoni kwetu ni sifa, kule ni dalili ya ugonjwa, na dawa yake inajulikana na kila mtu: atafute mwenzake wazungumze. Naamini mtaa umeona jambo tusiloliona sisi. Wazo likikaa na mtu mmoja, humla.

Kitazameni kitenzi kuzua. Kuzua ni kutoboa, kutia tundu. Ni pia kuanzisha jambo ambalo halikuwapo. Anayefanya hivyo peke yake tunamtilia shaka upesi: mzushi ni mwongo, na masheikh wetu wanapoeleza bidaa, jambo jipya lililoingizwa katika dini, husema ni uzushi. Siku hizi walimu huwaambia wanafunzi wabungue bongo. Hilo nalo ni neno la kutoboa. Aliyeona mahindi yaliyobunguliwa anajua kazi hiyo hufanyika gizani, ndani ya gunia, punje kwa punje. Kuwaza kwa Kiswahili ni kuchimba kitu kigumu mpaka kilichomo kipate pa kutokea.

Kikishatokea, hutolewa. Tunatoa wazo, tunatoa hoja, tunatoa ushauri, kama tunavyotoa sadaka na mahari. Tunatoa maoni, na maoni yanatokana na kuona: mtu anasema alichokiona kutoka pale alipokaa, naye aliyekaa upande wa pili ana haki ya kuwa ameona kingine.

Lakini neno ninalotaka tulikalie leo ni kuchangia. Mkutanoni mtu hunyanyua mkono akasema, "Naomba kuchangia." Kitenzi hicho hicho hutumika kwenye msiba na kwenye harusi. Kuna daftari, aliyeleta elfu mbili anaandikwa, na aliyeleta laki anaandikwa. Pilau ikishaiva hakuna anayejua mchele upi ulitoka kwa nani. Na kuna deni lisilotamkwa: asiyechangia shughuli za wenzake, yake ikifika atakaa na watu wake wachache. Kwa hiyo anayesema "naomba kuchangia" amekwisha kukubali mambo mazito. Amekubali kwamba chungu ni cha wote, kwamba alicholeta kinaweza kuwa kidogo bila aibu, na kwamba kukaa kimya kila kikao ni kula bila kutoa. Tena anaomba. Haingii jikoni kwa watu bila hodi.

Sitaficha ubaya wake. Pilau haina kumbukumbu. Nimeona wazo la mtafiti kijana likichanganywa ndani ya kikao na kupakuliwa mwaka uliofuata kwa jina la mkubwa wake. Daftari la harusi ni aminifu kuliko kumbukumbu nyingi za vikao vyetu, na jambo hilo linaniuma. Kama tunaazima neno la mchango, tuazime na daftari lake.

Majina ya mikusanyiko yenyewe ni majina ya kukaa. Baraza ni benchi la mawe nje ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, mahali pa kahawa na habari. Kutoka hapo tukapata Baraza la Mawaziri, baraza la chifu kule Kenya, na tangu 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa. Vijana wa Dar es Salaam wana kijiwe, yaani jiwe dogo. Majirani zetu Wanyarwanda waliliita baraza lao gacaca, kwa jina la majani wanayokalia watu. Kikao ni kukaa, mkutano ni kukutana, kongamano ni kukongamana.

Na mhadhara? Una shina moja na kuhudhuria, hadhira na hadharani. Neno lenyewe halimtaji msemaji. Linawataja waliokuja. Mwenye kipaza sauti ni mmoja tu kati yao, ingawa sisi wahadhiri tumezoea kuingia, kusoma karatasi zetu dakika hamsini, kisha kuuliza kama kuna swali wakati watu wanasimama kuondoka.

Miaka mingi iliyopita niliwahoji wavuvi wa kijiji kimoja cha pwani juu ya maneno ya upepo na maji: kusi, kaskazi, matlai, bamvua. Walinipa jioni zao. Niliandika tasnifu kwa Kiingereza, ikawekwa kwenye rafu ya maktaba. Mwaka jana nilipita tena kijijini hapo. Mzee mmoja, ambaye nilimwacha akiwa bado na nguvu za kasia, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, yale maneno yetu yalifika wapi?"

Kiswahili kina neno la kumjibu: mrejesho. Nimeiandika upya kazi ile kwa Kiswahili, kurasa sitini na mbili. Jumamosi ijayo nitaipeleka nikakae barazani kwake, isomwe kwa sauti. Nimechukua kalamu nyekundu na daftari lenye mistari. Pembeni ya kila neno patakuwa na jina la aliyelisema, na palipo na kosa langu, jina la aliyelisahihisha.