Kiwavi Angali Yai



Wapendwa wasikilizaji, yuko nondo ambaye asili yake ni Ulaya na Asia. Viwavi wake wenye manyoya hula majani ya miti na vichaka vya aina zaidi ya 300. Hupenda hasa mialoni, mierebi na mitofaa. Wakikomaa, hata misonobari haiwashindi. Kwao ni kiumbe kama viumbe wengine, naye anao adui wa kumpunguza.

Mwishoni mwa miaka ya 1860, Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, alimpeleka Medford, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa akifanya majaribio ya wadudu wa hariri, hakukusudia ubaya. Wachache wakatoroka. Kwa miaka 20 hivi hawakuonekana kuwa tishio. Mwaka 1889 viwavi waliujaza mji, wakaiacha miti uchi.

Mwaka 1890 serikali ya jimbo ilianza kupambana nao. Kufikia mwaka 1900 walikuwa wameadimika, na baraza la kutunga sheria likakata fedha za kazi hiyo. Ilipoanzishwa tena mwaka 1905, nondo walikuwa wameenea mbali zaidi. Mwaka 1981 walikula majani ya misitu ya hekta milioni 5 hivi.

Basi tuangalie mwanzo wake. Jike hutaga mamia ya mayai katika fungu moja, akalifunika kwa manyoya ya mwili wake. Fungu hilo hukaa kwenye gome la mti muda wa miezi minane au zaidi, limetulia kimya. Wakati huo kisu kidogo chatosha kulikwangua. Yakishaanguliwa, upepo huwachukua viwavi wachanga wakining'inia kwenye nyuzi zao. Nani atawakusanya?

Ndugu zangu, wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Kinyongo kati ya ndugu wawili juu ya mpaka wa shamba, uvumi juu ya jirani, deni linalofichwa mke asijue: hayo ni mayai yaliyofunikwa manyoya. Nasi mara nyingi hufanya kama baraza lile: tukipatana mara moja, twadhani kazi imekwisha.

Juma hili, kila mmoja alikague gome la mti wake. Aanze leo, wala asiache upesi. Mungu atujalie macho ya kuona na saburi ya kuendelea. Amina.