Amekuwa Mtu Mzima, Bado Anapunga Mikono

  Leo tunazungumza juu ya usonji, si wa mtoto mdogo, bali wa mtu mzima.

Huenda nawe una kijana wa miaka 25. Ana ndevu tayari. Lakini mkifika stendi, matatu zikipiga honi, anaanza kupunga mikono na kujitikisa mbele na nyuma. Watu wanatazama. Kwa aibu unamshika mikono kwa nguvu.

Pole mama. Lakini hebu tuelewane. Usonji hauishi utotoni. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye usonji. Watoto hao walikua. Wa kwanza wao, Donald Triplett, alifanya kazi katika benki na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Si wote watafanya kazi benki, lakini wote hukua, na usonji wao hukua nao. Si laana, si pepo, wala si kosa la malezi yako.

Kwa nini anapunga mikono? Kelele, mwanga na msongamano huweza kumwingia kwa nguvu kuliko wewe. Kujitikisa, kuguna au kuzungusha kamba vidoleni humtuliza. Wakati mwingine ni furaha tu. Hata wewe hutikisa mguu ukingojea daktari.

Ukimzuia kwa nguvu, hofu haiondoki. Inabaki ndani. Wengine, hasa wasichana, hujifunza kujificha mbele za watu, kisha hurudi nyumbani wamechoka kabisa.

Basi ufanye nini? Kwanza, angalia ni jambo gani hutangulia. Je, ni honi? Ni umati? Pili, safirini saa ambazo watu ni wachache, na umpe kitu cha kushika mfukoni, kama kamba au kitambaa. Tatu, mwambie kondakta au jirani maneno machache: "Anajituliza tu, hana ubaya."

Sasa sikiliza kwa makini. Akianza kujigonga kichwa au kujiuma, au tabia yake ikibadilika ghafla, usiseme ni ukaidi. Asiyeweza kusema "jino linaniuma" anaweza kujipiga shavuni. Mpeleke kituo cha afya, apimwe meno, masikio na tumbo. Akizimia au kutetemeka mwili mzima, mweleze daktari, kwani kifafa huwapata baadhi yao. Usimfunge kamba, wala usimfungie chumbani. Na anayekuuzia dawa ya kuponya usonji anakula pesa zako bure, kwa sababu dawa hiyo haipo.

Kesho mkiwa stendi, mwachilie mikono. Simama kando yake. Akikuona umetulia, naye itakuwa rahisi kutulia.