Waliokimbia tunawaona, waliobaki je?

(Mazungumzo niliyoyatoa Shahe, Guangzhou, mbele ya ndugu wa Afrika Mashariki, wengi wao wafanyabiashara wa nguo, baada ya kuangalia filamu pamoja. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema.)

 

Najua wengi wenu mmeamka usiku wa manane kuwahi soko, na saa hizi Shahe imeshafunga milango na macho yanataka usingizi. Sitawachosha. Mie ni muuguzi, si mwanasiasa wala mtaalamu wa filamu. Nimekuja huku kwa likizo nikitokea Uingereza, kumsaidia dada yangu kuchagua magauni, nikajikuta napewa kiti cha mbele!

Tumeangalia Beyond Utopia, ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Madeleine Gavin. Kwa waliochelewa: familia ya watu watano inatoka Korea Kaskazini, bibi wa zaidi ya miaka 80 na wajukuu wawili wadogo wakiwemo. Wanaingia China, wanapita Vietnam na Laos mpaka Thailand, wakisaidiwa na mchungaji wa Korea Kusini. Hakuna maigizo humo. Picha nyingi zimepigwa kwa simu njiani. Niliona mlivyonyamaza walipokuwa wakikatiza nchi hii hii, ambayo sisi tunaingia kwa viza na kutoka na mizigo. Wao wakikamatwa huku wanarudishwa kwao.

Yule bibi alipoendelea kumsifu Kim Jong Un hata baada ya kutoka, baadhi yenu mlicheka. Mie sikucheka. Wazee wa namna hiyo nawajua wodini. Unamuuliza amelalaje, anakwambia kila kitu kizuri, kwa kuwa hajui nani mwengine anasikia.

Lakini aliyenikaa moyoni khasa si bibi. Ni yule mama aliyetangulia kutoka, akataka kumtoa mwanawe. Kijana akakamatwa China, akarudishwa, akafungwa kambini. Mama anakaa na simu anasubiri madalali wampe habari. Kijana mwenyewe hatumwoni. Tunachokiona ni uso wa mama yake.

Kuna filamu nyengine, Camp 14, ya mwaka 2012, kuhusu Shin Dong-hyuk, ambaye alisema amezaliwa katika kambi ya wafungwa huko huko Korea Kaskazini. Mwaka 2014 serikali aliyoikimbia nayo ikatoa video yake. Ikamweka nani mbele ya kamera? Baba yake mzazi, aliyebaki, amkane mwanawe. Mwaka uliofuata Shin alikiri kwamba sehemu za kisa chake hazikuwa kama alivyozieleza. Wako waliomwita mwongo, wakaishia hapo. Mie ninachouliza ni hiki: yule baba aliulizwa na nani kama yuko tayari kuingia katika kisa hicho, upande huu au ule?

Tusidhani ni mambo ya Wakorea tu. Mwaka 1977 Henry Kyemba, Waziri wa Afya wa Idi Amin, alikwenda Geneva kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani na hakurudi. Mwaka ule ule akatoa kitabu, A State of Blood. Humo alieleza habari za Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70, abiria wa ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe Juni 1976. Alikuwa amelazwa Mulago. Baada ya makomando wa Israel kuwaokoa wenzake, alitolewa kitandani akauawa. Kila nikikumbuka kisa hicho naifikiria ile wodi. Nani alikuwa zamu? Nani alimpima joto asubuhi yake? Waziri alikuwa na safari ya Geneva. Muuguzi alikuwa na zamu ya kesho, katika jengo lile lile.

Sasa nije kwetu, na kwenye rai iliyotolewa hapa kabla yangu, kwamba tuchange fedha tuwarekodi waliokimbilia Shimoni.

Januari 2001 nilikuwa na miaka 12, Pemba. Maandamano ya tarehe 26 na 27, yaliyodai uchaguzi wa 2000 urudiwe, yaliishia kwa risasi. Human Rights Watch walihesabu waliokufa si chini ya 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa Rwanda, Burundi na Kongo ikatoa wa kwake! Muafaka ulisainiwa Oktoba mwaka huo, wengi wakarudi. Nimewauliza hapa nani ameiona filamu ya Shimoni. Hakuna mkono uliopanda. Watoto wetu wa skuli wakisikia habari hii wanadhani tunatia chumvi.

Kwa hiyo rai naiunga mkono. Na yule ndugu aliyesema wazee wanakwisha amesema kweli. Mzee Kyemba naye alifariki 2023, na tunajua alichokijua kwa kuwa aliandika.

Ila mie kazini simchomi mtu sindano bila ridhaa yake, na akibadili mawazo naiweka chini. Mama yangu mdogo alivuka kwa mashua na mtoto mgongoni. Mumewe alibaki. Mtoto mwengine alibaki na baba, leo ni mtu mzima, ana ajira na jina lake kijijini. Mama mdogo akisema mbele ya kamera, jirani wote watajua ni mama wa nani, hata tukimfunika uso. Sauti inatosha.

Ninachoomba ni turekodi sasa, tusiharakishe kuonyesha. Kila anayerekodiwa atutajie aliowaacha, nao waulizwe. Mmoja akisema hapana, kanda ikae. Najua filamu itachelewa, na wachangiaji wataudhika. Waudhike.

Mama mdogo amekubali sauti yake irekodiwe, kwa sharti kanda ikae kwangu mpaka yule mtoto aliyebaki aseme ndiyo. Nimemuuliza mtoto wiki iliyopita. Bado hajanijibu.