Matunda ya Mwituni: Yapi Yatulisha, Yapi Yatuua



Leo nataka kusema nanyi habari za vyakula tuvipatavyo mwituni. Wenzetu wa Ulaya wakienda kutembea porini huchuma tunda dogo jekundu liitwalo stroberi. Tunda hilo hupenda nchi ya baridi. Huku kwetu pwani halioti lenyewe. Lakini tusidhani ya kuwa tumenyimwa. Kutoka Kibaha hata Kisarawe tunayo mabungo, ubuyu, ukwaju na matonga. Shida yetu si uchache wa matunda, bali ni uchache wa watu wayajuao. Wazee wanakwisha, na watoto huingia vichakani bila mwalimu.

Kwanza nitasema habari za bungo. Mbungo ni mmea utambaao na kupanda juu ya miti. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na maua yake ni meupe, katikati manjano, yenye kunukia. Ukikata tawi, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Tunda bichi ni kijani. Likiiva huwa rangi ya chungwa, na mbegu zake zimevikwa nyama chachu yenye maji mengi. Lakini jihadharini: utomvu mweupe peke yake si alama ya kutosha. Mnyaa nao hutoa utomvu mweupe, nao ukiingia machoni huleta hatari kubwa. Basi tazama jani, ua na tunda, yote pamoja, ndipo uchume. Wala usikate shina ili upate matunda, maana akataye leo mwakani hatachuma.

Pili, habari za dawa. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa manowari ya Kiingereza, aliwajaribu mabaharia 12 waliokuwa wakioza ufizi. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Kitu kile kilichowaponya leo huitwa vitamini C, na unga wa ubuyu unacho kwa wingi. Basi mtoto anywaye maji ya ubuyu hanywi kitu cha upuuzi. Ukwaju nao hulainisha choo kilicho kigumu. Lakini homa isiyoshuka na kuhara damu si kazi ya ukwaju. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile.

Tatu, habari za hatari. Mbegu za mtipitipi ni nyekundu zenye jicho jeusi, nzuri mno, na watoto hupenda kuzichezea. Sumu yake ni kali. Hata mbegu moja ikitafunwa yaweza kuua. Tonga nalo, kula nyama yake, lakini mbegu zake uziteme.

Na ndiga, kiazi cha mwituni chenye majani matatu matatu, ndiyo itupasayo kuiogopa zaidi, kwa sababu huliwa wakati wa njaa, na mwenye njaa hana subira. Wazee huikata vipande vyembamba, huiloweka siku kadha katika maji yapitayo, huianika, kisha huitwanga. Nilipokuwa mtoto, mama mmoja jirani yetu aliiloweka usiku mmoja tu, maana watoto wake walikuwa wakilia. Wakala, wakalala. Asubuhi mmoja wao hakuamka. Mama yule hakuwa mjinga wala mvivu. Alijua kwamba ndiga huliwa, ila hakuna aliyemfundisha sawasawa namna ya kuitoa sumu.

Kwa hiyo nawaombeni neno moja. Msijifunze ndiga kwa kusoma karatasi hii tu. Jifunzeni kwa mzee aliyeitengeneza kwa mikono yake. Nanyi walimu, mchukueni mzee wa namna hiyo, mwende naye porini pamoja na watoto, awaonyeshe mmea mmoja mmoja kwa jina lake. Fanyeni hivyo mwaka wa shibe, wala msingoje njaa. Na mtoto asiyelijua tunda afundishwe kulileta nyumbani kabla ya kulitia kinywani. Kuuliza si ujinga.