Mrithi wa Kwotabeki Ateuliwe Lini?

Klabu ya futiboli ya Kimarekani yenye kwotabeki hodari aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 35 hukabiliwa, kila ufikapo mwezi wa Aprili, na swali linalomnyima usingizi meneja wake mkuu: je, imteue kijana wa kumrithi mkongwe huyo ilhali mkongwe mwenyewe bado anashinda mechi, au nafasi hiyo itumike kumpata mchezaji wa kumsaidia kutwaa ubingwa msimu huohuo? Maoni haya yanashikilia kwamba mrithi ateuliwe mapema, wakati bado hahitajiki, na kwamba klabu ya Green Bay Packers ya jimbo la Wisconsin, iliyothubutu kufanya hivyo mwaka 2005 na tena mwaka 2020, ilikuwa sahihi mara zote mbili, ingawa mara ya pili ilimtendea mkongwe wake isivyostahili.

Uzito wa swali hili unatokana na kazi ya kwotabeki mwenyewe, ambaye ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi ya wenzake kumi uwanjani. Kocha huzungumza naye kupitia redio ndogo iliyowekwa ndani ya helmeti, lakini sauti hiyo hukatwa saa ya kuanzishia mpira inapobakiza sekunde 15, na kuanzia hapo kwotabeki yu peke yake na akili yake. Huwatazama mabeki wa upande wa pili wamejipanga vipi, hupima kama mpango alioletewa bado unafaa au aubadilishe papo hapo kwa kupaza sauti, kisha huupokea mpira, na katika sekunde mbili au tatu tu, huku watu wenye uzito wa zaidi ya kilo 120 wakimjia kwa kasi, hana budi kumwona mwenzake aliyeachwa wazi na kumrushia mpira mahali ambapo mwenzake huyo atakuwa, si pale alipo. Hakuna nafasi nyingine uwanjani inayoamua matokeo kwa kiasi hicho, wala hakuna inayochukua miaka mingi hivyo kuimudu.

Mchezaji wa namna hiyo hapatikani sokoni kwa urahisi, kwa sababu Ligi ya Taifa ya Futiboli ya Marekani, inayojulikana kwa herufi NFL, haiendeshwi kama soka, ambako Simba au Yanga ikimtaka mchezaji huingia mfukoni na kumsajili. Vijana wanaotoka vyuo vikuu hugawanywa kwa utaratibu wa uteuzi ulioanza mwaka 1936, ambapo klabu zote, ambazo sasa ni 32, huchagua kwa zamu katika raundi 7, na klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hutangulia. Maana yake ni kwamba klabu inayoshinda huchagua ikiwa miongoni mwa za mwisho, baada ya vijana wanaosifiwa zaidi kuwa wamekwisha kuchukuliwa, na kwa hiyo haina uhuru wa kusema kwamba itasubiri mkongwe wake astaafu ndipo ianze kutafuta. Siku mkongwe atakapoondoka, huenda kijana anayefaa asiwepo, au awepo lakini mbali na zamu yake.

Ndivyo alivyofikiri Ted Thompson mwezi Aprili 2005, akiwa katika uteuzi wake wa kwanza kama meneja mkuu wa Packers. Brett Favre, kwotabeki wake, alikuwa na umri wa miaka 35 na hakuwa ameukosa mchezo hata mmoja tangu alipoanza kuiongoza timu hiyo Septemba 1992. Jijini New York, Aaron Rodgers wa Chuo Kikuu cha California, aliyedhaniwa kwamba angeweza kuwa wa kwanza kabisa kuitwa, aliketi katika chumba cha wateule na kuwaona wenzake wakiitwa mmoja baada ya mwingine. San Francisco 49ers, waliokuwa na chaguo la kwanza, walimchukua Alex Smith, na saa zikapita, kamera za televisheni zikirudi usoni mwake kila mara, mpaka ilipofika zamu ya 24, ambayo ilikuwa ya Green Bay. Thompson hakuwa na shida ya kwotabeki siku hiyo, naye alimwita Rodgers.

Kilichofuata ndicho kiini cha hoja nzima, nacho husahaulika upesi. Rodgers alisugua benchi misimu mitatu kamili. Tangu mwaka 2006 alifanya kazi chini ya kocha Mike McCarthy, ambaye pamoja na wasaidizi wake alimfundisha upya kwa subira namna ya kuweka miguu na hata namna ya kuushika mpira, kwani kijana huyo alikuwa na mazoea ya chuoni ya kuuinua juu karibu na sikio kabla ya kuutupa. Favre alipotangaza kustaafu Machi 2008, kisha akabadili nia miezi michache baadaye, klabu ilisimama na uamuzi wake na kumpeleka mkongwe huyo New York Jets, huku mashabiki wengi wakiungua moyo. Msimu wa kwanza wa Rodgers ulikwisha kwa ushindi wa mechi 6 na vipigo 10, na watu waliokuwa wakimlilia Favre waliona wamethibitishiwa. Februari 2011 Rodgers aliiongoza Packers kuifunga Pittsburgh Steelers pointi 31 kwa 25 katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi hiyo, na yeye mwenyewe akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Subira ya aina hii ina sababu yake katika katiba ya klabu. Packers haina tajiri mmoja anayeimiliki. Hisa zake zimo mikononi mwa watu zaidi ya nusu milioni, na hakuna anayeweza kumpigia simu meneja mkuu usiku na kumwamuru alete ubingwa kufikia Februari. Meneja wa namna hiyo anaweza kuufikiria mwaka wa tano.

Mwaka 2020 swali lilirudi likiwa kali zaidi. Packers walikuwa wametoka kushinda mechi 13 kati ya 16 na kufika hatua moja kabla ya fainali, Rodgers alikuwa na umri wa miaka 36, na karibu kila mchambuzi alitarajia kwamba chaguo la kwanza lingekuwa mpokeaji, yaani mchezaji mwepesi wa kuidaka mipira mirefu ya kwotabeki. Badala yake meneja mkuu Brian Gutekunst alitoa chaguo la ziada la raundi ya nne ili apande kutoka zamu ya 30 hadi ya 26, akamteua Jordan Love, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Utah State. Rodgers hakuwa ameambiwa chochote. Alijibu uwanjani kwa kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2020 na tena mwaka 2021, lakini misimu yote miwili timu ilitolewa katika hatua ya mtoano ikiwa kwenye uwanja wake wa nyumbani, na kila ilipotolewa jina la yule mpokeaji ambaye hakuteuliwa lilirudi midomoni mwa watu.

Hoja yao haipaswi kudharauliwa, maana ina upande wa fedha ulio na nguvu. Tangu mkataba wa mwaka 2011 kati ya klabu na chama cha wachezaji, mishahara ya vijana walioteuliwa imewekewa ngazi maalumu: Sam Bradford, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2010, alidhaminiwa dola milioni 50, ilhali Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, alisaini mkataba wa jumla ya dola milioni 22 hivi. Kwa kuwa kila klabu ina kikomo cha jumla ya mishahara inayoruhusiwa kulipa, kwotabeki kijana na wa bei nafuu ni neema, kwa sababu fedha zinazobaki hununua wachezaji wengine. Love alilipwa dola milioni 12 na ushee kwa mkataba wake wa awali wa miaka minne, na miaka mitatu ya unafuu huo ilipita akiwa benchi. Hiyo ni hasara ya kweli. Hata hivyo, mwalimu wa kwotabeki ni muda, na klabu iliyomuuza Rodgers kwa Jets Aprili 2023 haikulazimika kuanza kutafuta: Love alianza msimu huo kwa ushindi wa mechi 2 tu kati ya 7, akaumaliza kwa 9 kati ya 17, kisha akaenda Dallas katika mtoano na kushinda pointi 48 kwa 32. Rodgers naye alikatika kano ya kisigino dakika chache baada ya kuanza mechi yake ya kwanza akiwa na Jets.

Wapo wanaodhani kwamba Atlanta Falcons walifuata njia hiyohiyo mwaka 2024, nao wanakosea. Klabu hiyo ilimsajili Kirk Cousins mwezi Machi kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 180, akiwa na umri wa miaka 35 na akitoka kuumia kisigino, kisha mwezi uliofuata ikatumia chaguo la 8 kumteua Michael Penix. Packers walimwandaa mrithi chini ya mkongwe waliyekuwa naye tayari. Falcons walilipia kiti kimoja mara mbili ndani ya wiki chache, na kufika Desemba Cousins alikuwa benchi.

Chicago Bears, mahasimu wakubwa wa Green Bay na miongoni mwa klabu kongwe kuliko zote, hawakuwahi hadi mwisho wa msimu wa 2024 kupata kwotabeki aliyerusha mipira ya jumla ya yadi 4,000 katika msimu mmoja, kiwango ambacho Favre, Rodgers na Love wote walikifikia. Tofauti hiyo haikuletwa na bahati pekee.

Linalobaki kuwa doa ni ukimya wa mwaka 2020, na Gutekunst mwenyewe alikuja kukiri kwamba mawasiliano yangeweza kuwa bora. Mtu aliyeibeba klabu kwa zaidi ya miaka kumi hakustahili kumjua mrithi wake kupitia televisheni kama shabiki yeyote. Klabu zinazojiandaa kwa uteuzi ujao, zikiwa na mkongwe ambaye bado anashinda, zimteue kijana, zimpe miaka ya kujifunza, na zimwarifu mkongwe kabla jina halijatangazwa.