Gorila hakukunyang'anya kazi



Kwetu Goma wazee, na hata vijana, wanasema: « Haki za wanyama ni mambo ya wazungu. Mutu ana njaa, nyinyi munalilia gorila? » Nawaelewa. Nami nilimaliza iniversite, kazi hakuna.

Lakini tuulizane: gorila akikufa, nani anakula? Mwezi wa 7 mwaka 2007, gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi ndani ya Virunga. Nyama haikuchukuliwa. Macho yakageukia biashara ya makala. Pori linakatwa, wenye silaha wanatajirika, na mama wa Goma bado ananunua gunia kwa bei kali.

Mwaka 2022 serkali ikatia sokoni vitalu 27 vya petroli, vingine vikiingia mpaka Virunga. Wanasayansi wakaonya, wakubwa wakajibu: ni maendeleo. Mwaka 2024 mnada ukafutwa. Sisi wanainchi, nani alituuliza, kuanza ao kumaliza?

Sayansi si mambo ya wazungu. Maji ya mto ndiyo yanazungusha mashini za Matebe, na umeme wake unafika hapa Goma. Ukiharibu pori, unajizimia taa mwenyewe.

Kwa hiyo hatuchague kati ya gorila na mutu. Tunadai umeme wa bei ndogo ili makala ipungue, kazi kwa vijana wanaoishi kando ya pori, na mikataba isomwe mbele ya wanainchi kabla ya kutiwa sahihi.

Aliyetunyima kazi hana manyoya, bana. Ana ofisi.