Chumba Safi Katika Nchi ya Vumbi

Yapo maoni yaliyozoeleka hata yamekuwa kama sheria: kwamba kazi isiyostahimili uchafu, iwe ni kutengeneza chipu za kompyuta, kujaza dawa za sindano au kuzalisha miche ya migomba kutoka vipande vya tishu, haiwezi kufanyika hapa Ndithini wala popote katika nyanda kavu za eneo bunge letu la Masinga. Wenye maoni hayo hutuelekeza Nyeri, ambako kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imeweka kiwanda chake cha chipu ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kule, wanasema, kuna baridi, mvua na majani mabichi. Hapa kuna vumbi jekundu. Viwango vya ISO 14644, vinavyopima usafi wa hewa katika vyumba safi, sitavieleza kwa kirefu, kwa kuwa wahandisi wanavijua. Msikilizaji mwingine atosheke na takwimu moja: katika daraja la 5, mita moja ya ujazo ya hewa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 zenye ukubwa wa nusu mikroni au zaidi. Swali ni kama vumbi la nje ndilo linalotuzuia kufika hapo. Nashikilia kwamba silo.

Shahidi wangu mkuu ni Willis Whitfield, mwanafizikia wa maabara za Sandia na mtoto wa mkulima wa pamba. Ushahidi wake ninauthamini kuliko vitabu vyote vya usanifu vilivyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Sandia ilikuwa ikiunda vipuri vidogo mno, na chembe moja tu ya vumbi iliweza kuviharibu. Vyumba safi vya wakati ule vilikuwa na vichujio, na wafanyakazi walivaa mavazi maalumu na kusafisha bila kukoma, lakini hewa ilizunguka ovyo na kila chembe iliyozaliwa ndani ilibaki ndani. Whitfield hakuongeza usafishaji. Aliifanya hewa iliyochujwa ishuke taratibu kutoka darini hadi sakafu yenye matundu, ikibadilishwa takriban mara kumi kwa dakika, ili iusombe uchafu mara tu unapozaliwa. Chumba chake kilikuwa safi takriban mara elfu kuliko vilivyotangulia, na mwaka 1964 akapewa hataza. Sasa tujiulize: hayo yalifanyika wapi? Albuquerque, New Mexico, mji wa jangwani. Kisha Intel ikajenga viwanda vya chipu Rio Rancho, jirani na mji huo, na Chandler huko Arizona, na TSMC ya Taiwan ikaifuata hadi Phoenix. Kama ukavu na vumbi vingekuwa kizuizi, sanaa hii isingezaliwa ilikozaliwa.

Sababu yake iko katika kichujio chenyewe. Kichujio cha HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, ambazo ni miongoni mwa zilizo ngumu zaidi kunaswa. Zilizo kubwa kuliko hizo hugonga nyuzi na kunasa. Zilizo ndogo zaidi huyumbayumba hadi zikazigusa. Sehemu kubwa ya vumbi linalotimuliwa na magari kwenye barabara zetu za udongo ni chembe kubwa, kwa hiyo ni windo jepesi. Moshi wa dizeli wa barabara za Nairobi una chembe nyingi zinazokaribia ule ukubwa mgumu, na hakuna anayesema Nairobi haifai. Ni kweli kwamba vumbi huziba vichujio mapema. Hiyo ni gharama ya kuweka vichujio vya awali na kuvibadilisha, wala si sababu ya kuacha kujenga. Chanzo kikubwa cha uchafu ndani ya chumba ni binadamu, ambaye hupukutisha ngozi, nyuzi na vijidudu kila anapojongea, na binadamu wa Nyeri hapukutishi kidogo kuliko wa Ndithini.

Pingamizi lenye uzito ni kukatika kwa stima. Chumba safi hujilinda kwa mgandamizo wa hewa unaozidi wa nje kwa paskali 10 hadi 15 tu, sawa na uzito wa milimita moja au moja na nusu ya maji. Feni ikisimama, tofauti hiyo hutoweka mara moja, na hapo vumbi la nje huwa adui wa kweli, kwa sababu linapita kwenye kila ufa. Uchungu wake ni kwamba bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, liko katika eneo bunge hili hili na huzalisha umeme. Swali la mpangaji basi si kiasi cha vumbi kilichopo, bali hewa kiasi gani lazima isukumwe bila kukatika.

Hapo ndipo nasimama na imani ambayo hakuna pingamizi lililoiondoa: sehemu safi iwe ndogo kadiri kazi inavyoruhusu. Chumba cha mita 5 kwa 6, chenye hewa inayoshuka kutoka dari nzima kwa kasi ya mita 0.45 kwa sekunde, huhitaji mita za ujazo 48,600 kwa saa. Benchi lenye kichujio cha mita 1.2 kwa 0.6, kwa kasi ile ile, huhitaji takriban 1,170, na feni yake yaweza kuendeshwa kwa paneli za jua na betri. Kwa miche ya migomba, benchi kama hilo ndani ya chumba nadhifu linatosha. Atakayesema dawa za sindano ni jambo jingine asome mwongozo wa Ulaya wa dawa hizo uliotolewa upya mwaka 2022: dawa ikijazwa ndani ya kabati lililofungwa kabisa, chumba kinacholizunguka chaweza kuwa cha daraja D, lililo la chini kuliko yote. Anayechora mpango wa Ndithini aanze na safari ya bidhaa na ya mikono inayoigusa, kisha benchi, kisha feni na betri, ndipo afikie kuta. Na siku ya kupima, chembe zisihesabiwe chumba kikiwa kitupu. Zihesabiwe mwezi Septemba kabla ya mvua, wafanyakazi wakiwa kazini, na stima ikiwa imezimwa makusudi.